Baba Asijue

Wazazi mnaoisoma kona hii pamoja na watoto wenu, leo nina maneno yenu pia, kwa hiyo msifunue ukurasa upesi.

Wadogo zangu, barua mnazoniandikia zinatoka katika nyumba tofauti na tabu tofauti. Huyu wa kidato cha pili ameshuka darasani kutoka nafasi ya tano hadi ya arobaini na ripoti ameificha chini ya godoro. Msichana huyu amekuwa akibebwa bure na dereva wa bodaboda, asubuhi na jioni, na sasa dereva anadai alipwe kwa namna ambayo yeye haitaki. Mvulana wa miaka 16 amebeti hela ya ada mpaka ikaisha, na shule wanataka risiti. Mikasa haifanani hata kidogo, lakini mwisho wa barua mnakutana wote mahali pamoja: “Dada, nisaidie, ila baba asijue.”

Leo naiacha mikasa, naishika hiyo sentensi ya mwisho.

Wengi wenu mnaoiandika, baba yupo. Hajafariki, hajatoroka, hana nyumba nyingine. Analala humo humo ndani, ada anatoa yeye, kodi ya nyumba anatoa yeye. Ndiyo maana simalizi habari ya malezi ya baba kwa kuuliza kama yupo au hayupo. Swali ninalolijali zaidi ni hili: ukipatwa na jambo saa nne za usiku, baba yako ni mtu wa ngapi utakayemwambia? Kwa barua zenu, kwa wengi hayumo kabisa. Rafiki yumo, mama yumo, dada wa gazetini ambaye hamjawahi kumwona yumo. Baba hayumo.

Hali hiyo haianzi siku moja. Sikilizeni mazungumzo ya baba na mtoto wa miaka 15 katika nyumba nyingi zetu. “Shikamoo baba.” “Marahaba. Umesoma leo?” “Ndiyo.” “Mama yako yuko wapi?” Yameisha, mpaka kesho. Kila kitu kingine kinapitia kwa mama. Hela ya safari ya shule: mama, mwambie baba. Ruhusa ya kwenda kwenye harusi ya binamu: mama, muombe baba. Hela ya taulo za kike inaombwa kwa jina la daftari, na baba anatoa hela ya daftari mwezi hadi mwezi bila kujua kwamba ana binti aliyekua. Muungurumo wa pikipiki yake ukisikika uani, televisheni inazimwa, aliyejilaza kwenye kochi anajikusanya, vitabu vinafunguliwa. Anaingia sebuleni palipokuwa na vicheko, anakuta kimya, anaamini ni heshima.

Labda heshima imo. Lakini kilichojaa humo ni woga, na woga una kasoro moja kubwa: mwisho wake ni pale jicho la baba linapoishia. Kijana akishavuka kona ya mtaa, hana tena kinachomshika. Woga haukumfundisha kuacha, ulimfundisha kuficha. Ana laini ya simu ambayo nyumbani hawaijui. Meseji anazifuta kabla hajafika mlangoni. Nguo anabadilishia kwa rafiki yake, na akiulizwa alikuwa wapi, jibu alishaliandaa tangu mchana. Mbele ya baba ni mtoto mwenye adabu kupita wote. Nyuma ya baba, kila uamuzi anaufanya peke yake, kwa akili ya miaka 15 na ushauri wa wenzake wa miaka 15.

Yuko kijana mwingine ambaye naye anafikia kishawishi hicho hicho, chupa imeshikwa, bangi inazungushwa, mtu mzima amemuita pembeni. Huyu anajiuliza: hili nitamwambiaje baba? Wala siyo kwa kuogopa fimbo. Kuna kitu baina yake na baba yake ambacho hataki kukipoteza: mzaha wao, safari zao za Jumamosi, lile jicho la baba linalosema nakuamini. Kitu hicho anakibeba hata akiwa bweni, hata akiwa mkoa mwingine. Mimi naamini hiki ndicho kinachomlinda kijana kuliko ukali wote.

Siyo imani yangu peke yangu. Mwaka 2000, Håkan Stattin na Margaret Kerr, watafiti waliokuwa wakifanya kazi Uswidi, walichapisha uchunguzi juu ya watoto 703 wa miaka 14 na wazazi wao. Ilikuwa imezoeleka kwamba mzazi anayejua mtoto wake yuko wapi na yuko na nani, anajua kwa sababu anafuatilia: anahoji, anaweka masharti, anakagua. Stattin na Kerr wakataka kufahamu wazazi hao wameyajuaje wanayoyajua. Wakakuta kwamba sehemu kubwa ya anachokijua mzazi inatoka kinywani mwa mtoto mwenyewe, aliyesimulia kwa hiari yake. Na tabia njema ilikwenda zaidi na kusimulia huko kuliko na masharti na ukaguzi. Uswidi ni mbali na malezi yao si yetu, lakini mzazi wa Tabora au Mombasa anayekagua simu ya mwanawe kila jioni atanielewa. Anachokikuta mle ni kile tu mtoto alichokiacha akikute.

Hapa kina mama niwaombe jambo, kwa upendo. Ile kauli ya “ngoja baba yako arudi” iacheni. Najua mmechoka, najua mtoto amewapandia kichwani tangu asubuhi. Lakini kwa kauli hiyo mnamfanya baba kuwa askari wa zamu ya jioni. Anarudi kazini hajui hili wala lile, anapewa mashtaka mlangoni, na kitu cha kwanza anachofanya na mwanawe siku nzima ni kumchapa au kumkaripia. Mtoto naye anajifunza kwamba kurudi kwa baba ni hukumu. Na ile ya pili, “nitakupa, ila usimwambie baba yako,” nayo inabomoa, ingawa inasemwa kwa huruma. Mtoto akishazoea kwamba kuna nyumba ya mama na watoto ambayo baba haingii, atakapofika miaka 16 hamtaupata mlango wa kumwingizia baba.

Wasichana, kwenu nitakaa kidogo.

Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Kenya, utafiti wa mwaka huo huo ulionesha asilimia 15. Sababu zake ni nyingi: umaskini, shule iliyo mbali, nauli isiyokuwepo, wanaume wazima wasio na haya. Na mwenye kosa ni huyo mwanamume. Sheria ya Elimu ya Tanzania, baada ya marekebisho ya 2016, inampa mtu anayempa mwanafunzi mimba kifungo cha hadi miaka 30. Kwa hiyo msichana uliyepatwa na hilo usinisome ukadhani nakulaumu wewe, wala mama yako aliyekulea peke yake.

Lakini nafasi ya baba imo, na inaonekana. Mwaka 2003, Bruce Ellis na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wasichana 242 wa Marekani na 520 wa New Zealand tangu wakiwa na miaka kama mitano hadi wanakaribia miaka 18. Wale ambao baba aliondoka mapema maishani mwao walianza mapenzi mapema zaidi na kupata mimba za utotoni zaidi, hata watafiti walipoweka pembeni mambo mengine kama hali ya uchumi wa familia. Msichana ambaye hajawahi kusikia baba yake akimwambia “umependeza mwanangu,” au “hapa umefikiri vizuri,” siku mtu wa kwanza anapomwambia hivyo anaona amepata hazina, hata kama mtu huyo ana mke na watoto wanne. Aliyezoea kuyasikia nyumbani anashukuru, anapita zake.

Sasa tazameni kinachotokea kwetu. Baba alikuwa akimbeba bintiye mabegani, akimnunulia ubuyu, akimsimulia hadithi. Binti akivunja ungo, baba anaanza kumkwepa. Hakai naye, hatanii naye, anamtazama kama mgeni. Wengine wanafanya hivyo kwa kuamini ndiyo stara. Najua mila zetu: mambo ya mwili wa msichana yana wenyewe, yana bibi, yana shangazi, pwani yana somo na kungwi, na ndugu zetu Waganda wana ssenga. Sikuombi baba ukafundishe unyago. Mambo ya kungwi mwachie kungwi. Ila kati ya hayo na kumtupa mtoto kuna mambo elfu ya kuzungumza: habari za ulimwengu, biashara yako, mwalimu anayemuonea, ndoto yake ya kuwa nahodha. Binti wa miaka 13 akimpoteza baba mwezi ule ule mwili wake unapobadilika, atafikiri ubaya uko kwenye huo mwili. Wapo walioniandikia hivyo hivyo.

Kina kaka, ninyi mnaandika barua fupi, mistari mitatu tu, na mengi yamo ndani yake. Mmoja aliniandikia kwamba baba yake hajawahi kumpiga wala kumtukana, ila hajui sauti ya baba yake ikoje akiwa anacheka. Mvulana anajifunza uanaume kwa kutazama. Anatazama baba anavyozungumza na mama siku hela imekosekana. Anatazama anavyofanya akishindwa, akikosea, akidhulumiwa na jirani. Akiona baba akikasirika anavunja vitu, atakwenda kuvivunja shuleni. Asipomwona baba kabisa, atakwenda kijiweni, na kijiwe kinafundisha haraka: huko mwanaume ni anayekunywa zaidi, anayeendesha pikipiki bila breki, anayehesabu wasichana.

Na wavulana wengi hawazungumzi wakikalishwa kitini. Ukimwita “njoo hapa tuzungumze,” ulimi unaganda, kwa sababu maisha yake yote mwito huo umemaanisha kosa. Mpe kazi ya kushika. Fungueni tairi pamoja, pakeni rangi ukuta, nendeni shambani, tazameni mechi ya Simba na Yanga. Mikono ikiwa na shughuli na macho yanatazama kwingine, ndipo atakapotoa neno. Litakuwa dogo, na atalisema kama kitu kisichomhusu: “Baba, kuna jamaa mmoja shuleni kwetu...” Huyo jamaa, mara nyingi, ni yeye. Usimuulize jina.

Nakuja kwa mababa walio mbali, maana barua nyingine zinatoka kwa watoto wao. Yupo dereva wa lori wa Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka mpaka, anakaa wiki foleni ya forodha. Yupo mvuvi aliyekwenda dago kwa miezi. Yupo mchimbaji wa Geita, mlinzi aliyeko Doha. Hawa wamekwenda kutafuta riziki ya hao hao watoto, na sitawabebesha lawama juu ya mzigo walio nao. Ninachowaambia ni kwamba umbali hauamui kila kitu. Miaka ya 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliishi Uganda akichunguza familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, kuona jinsi watoto wachanga wanavyoshikamana na wazazi. Kitabu chake kilitoka 1967. Miongoni mwa aliyoyaona ni kwamba wapo watoto waliompenda baba kwa nguvu ingawa walimwona kwa nadra, na yeye aliona sababu iko katika namna baba huyo alivyokuwa akimfurahia mtoto wakikutana. Wale walikuwa watoto wachanga, lakini hata wa miaka 15 anajua kama anafurahiwa au anakaguliwa. Kwa hiyo ukipiga simu kutoka njiani, usianze na matokeo ya mtihani. Mpe habari ya huko uliko. Mwambie mvua imenyesha, tairi lilipasuka, umekula ugali wa aina gani. Kisha muulize kitu ulichokikumbuka kutoka simu iliyopita: yule rafiki yako aliyevunjika mkono amepona? Kwa swali hilo anajua kwamba wiki nzima alikuwa kichwani mwako.

Na wewe usiye na baba kabisa, aliyefariki au aliyekukana, usiamini anayekwambia kwamba umeharibika tayari. Mababu zetu hawakuliweka jukumu hili kwenye bega moja. Kwa Waluguru na Wamakonde, ambako ukoo unafuata upande wa mama, mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Babu, baba mdogo, mwalimu, ustadhi, mchungaji, kocha wa timu: mtu mzima mmoja anayekufahamu vizuri na kukutakia mema anaweza kuwa ngao. Mchague kwa uangalifu, na mama awe anamfahamu. Mtu mzima mwema hakwambii “hili libaki baina yetu.”

Hapa lazima niseme jambo zito. Kuna nyumba ambako “baba asijue” ni busara kabisa. Kama baba anapiga mpaka anajeruhi, kama akilewa hakuna anayelala, kama kuna anayekugusa asivyotakiwa, awe baba mwenyewe au mwingine, ushauri wangu wa kumsogelea haukuhusu. Piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto, Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa Tanzania, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mwambie mwalimu unayemwamini, mwambie shangazi, na asiyekusikiliza mruke, nenda kwa mwingine. Kujiokoa hakumvunjii mzazi heshima.

Nyumba nyingine zote, tujaribu. Wadogo zangu, msianze na lile kubwa. Ukianza kumzoea baba kwa habari ya ada uliyobeti, hamtafika popote. Anza kwa kumuuliza yeye. Alipokuwa na umri wako alikuwa anaishi wapi? Shule alitembea umbali gani? Hela yake ya kwanza aliipataje, akaifanyia nini? Sijaona baba anayekataa maswali hayo, ila wapo watakaoshtuka kwanza na kuuliza unataka nini. Jibu kwamba hutaki kitu. Chagua saa: si akiingia tu kutoka kazini, si wakati wa taarifa ya habari. Saa nzuri ni akiwa anafuta viatu, akiwa anaosha gari au pikipiki, akiwa njiani na wewe kwenda sokoni. Kama maneno hayatoki, andika. Karatasi moja chini ya kikombe chake cha chai, au meseji mkiwa nyumba hiyo hiyo. Baba zetu wengi hawakufundishwa na baba zao kuzungumza na watoto, na unaweza kukuta naye anasubiri mtu aanze.

Wewe uliyepoteza ada: mwambie kabla shule hawajamwambia. Mtajie kiasi kamili, usikipunguze, na useme umebeti wapi na tangu lini. Futa akaunti mbele yake. Atakasirika, ana haki. Kaa hapo hapo mpaka amalize. Na wewe wa bodaboda: wewe hujakosa lolote. Acha kupanda kuanzia kesho asubuhi, na mwambie mama leo, mwende kwa baba pamoja. Hilo si la kubeba mwenyewe, na dereva huyo ana wasichana wengine anaowabeba.

Kina baba, sasa mtoto amekuja. Amesimama hapo, anavuta pindo la shati, amesema. Uso wako wa dakika tano hizo ndio utakaoamua kama atakuja tena. Najua damu inapanda. Meza mate. Mwambie, “Umefanya vizuri kuniambia. Nipe muda nifikirie, tutazungumza baada ya kula.” Kisha timiza, baada ya kula mzungumze. Adhabu ipo kama inastahili, arudishe hela kidogo kidogo kwa kazi, akae bila simu kwa muda, na masharti ya nyumba yabaki kuwa masharti. Sisemi mlee watoto wasio na mipaka, maana kijana asiyewekewa mpaka naye anajiona hana mwenyewe. Lakini adhabu ya kosa isiwe adhabu ya kusema. Na alilokueleza usilitoe kwenye kikao cha ukoo, wala usilikumbushie mbele ya wadogo zake siku amekuudhi.

Wapo mababa watakaosoma hapa na watoto wao wana miaka 17 tayari, wamekauka, wanaitikia kwa kichwa. Kwa hao najibu swali ambalo baba mmoja aliniuliza: je, mzazi anaweza kumuomba mtoto radhi bila kujishusha? Anaweza. Litaje kosa kwa jina lake, ile siku uliyomtukana mbele ya wenzake, yale mahafali ambayo hukwenda. Usiongeze “lakini na wewe.” Usidai akusamehe siku hiyo. Halafu kesho yake muombe akusaidie kazi fulani ya nyumbani, ndogo tu, mfanye pamoja, na msipozungumza sana siku hiyo si neno.

Barua zinazohusu baba wa kambo nimezitenga, ni nyingi na zina mambo yake. Tutazichukua toleo lijalo, kwa hiyo mwenye jambo la aina hiyo aniandikie sasa, na aniambie umri wake na anaishi na nani.